Jeraha la Liyongo

Msikilize mtu wa mwambao anaposimulia habari za Fumo Liyongo, uone anakawia wapi. Urefu wa shujaa huyo, shabaha ya mishale yake, pembe aliyoipuliza mpaka ikapasuka, hayo huyapitia upesi. Akifika kwenye sindano ya shaba na kitovu cha baba aliyelala, mwendo wa maneno hupungua. Liyongo aliponyoka mara nyingi, lakini kilichomweka hai vinywani mwa watu ni kule kuangushwa kwake kwa mwisho, tena kwa mkono wa mwanawe wa kumzaa. Naamini jambo hilo halikutokea kwa bahati. Huzuni ndiyo iliyomhifadhi Liyongo. Na sisi tunaovutwa na visa vya kale vya mioyo iliyovunjika, na mashairi ya majonzi yaliyotokana navyo, hatuna haja ya kuona haya kana kwamba tumekamatwa na udhaifu, kwa sababu huzuni iliyotungwa vizuri ni njia ya kufikiri, na katika Kiswahili ni miongoni mwa njia kongwe tulizo nazo.

Tuchukue utendi uliotungwa Lamu mwaka 1913 na Muhammad Kijumwa, mshairi aliyekuwa pia mchonga mbao na mwandishi hodari wa hati za Kiarabu. Sultani wa Pate anamwogopa Liyongo asije akamnyang'anya utawala. Hila za kwanza zinaposhindikana, anamgeukia mwana wa Liyongo na kumwahidi cheo na binti yake wa kuoa. Kijana anamwendea babaye, anamwuliza ni kitu gani kiwezacho kumwua. Hapo mtunzi angeweza kumfanya Liyongo kuwa bwege asiyeshuku lolote, na kisa kingekuwa chepesi. Hakufanya hivyo. Baba anatambua kwamba mwanawe amehadaiwa, anamwambia waziwazi, kisha anaitoa siri: sindano ya shaba, kitovuni. Uzito wote wa utendi umelala hapo. Alimwamini? Alikuwa amechoka kukimbia? Au alimpenda mtoto kupita alivyoipenda nafsi yake? Kijumwa hatufafanulii, na yeyote aliyewahi kumkabidhi mtu siri ya kumwumiza, huku akijua anachokifanya, hahitaji kufafanuliwa.

Kinachofuata ndicho kinachonifanya niuweke utendi huu karibu na tungo kubwa za majonzi za dunia nzima. Mwana anamchoma babaye sindano akiwa usingizini. Liyongo anazinduka, anashika upinde, anajikokota hadi kisimani nje ya mji, anapiga goti na mshale ukiwa tayari, na roho inamtoka akiwa vivyo hivyo. Watu wanadhani yu hai na ameghadhibika. Hakuna anayethubutu kuteka maji. Mamaye anaombwa aende akamtulize, naye anakwenda, anambembeleza kwa maneno mazuri, asijue kwamba anambembeleza maiti. Siku zinapita mpaka mwili unapoanguka wenyewe. Wasimulizi wa kale wa Mesopotamia, nchi ambayo leo ni Iraki, walifika mahali hapo hapo kwa njia yao: Gilgamesh anakataa kumzika rafiki yake Enkidu mpaka funza anapomdondoka puani. Pande zote mbili zimeshika jambo moja kuhusu msiba, kwamba mpenzi huwa wa mwisho kusadiki. Hakuna hotuba ya mazishi inayoweza kulisema hilo kwa uaminifu kama linavyosemwa na mama aliyesimama mbali kidogo na kisima, akimsihi mwanawe apoe.

Hapa mwanahistoria atanikatiza. Atasema hatuna hakika Liyongo aliishi lini, kwa kuwa wataalamu wametofautiana kwa karne kadhaa. Kwamba kaburi analohusishwa nalo huko Ozi, karibu na mdomo wa Mto Tana, halithibitishi kitu. Na kwamba sindano moja ya kitovuni ni mambo ya hadithi. Nakubali yote hayo, na sioni yanapunguza nini. Ukweli unaotafutwa hapa haumo katika tarehe. Kinga iliyoacha tundu dogo, tena tundu linalojulikana na mtu wa nyumbani peke yake, ni maelezo sahihi kabisa ya jinsi watu wanavyoumizana. Adui wa mbali huna siri naye. Visa vya kale huchukua jambo tunalolijua kwa kubahatisha na kulipa mwili, ili liweze kuangaliwa kwa macho na kuzungumzwa barazani bila ya mtu kuanika mambo ya nyumba yake.

Zaidi ya hapo, kisa chenyewe kinatoa ushahidi juu ya kazi ya ushairi. Liyongo akiwa kifungoni Pate, chakula kizuri anacholetewa kutoka kwa mamaye kinaliwa na walinzi. Anamtuma kijakazi wa mamaye, Saada, kwa beti: mama apike mkate wa wishwa na kutia tupa ndani yake. Walinzi wanaudharau mkate wa makapi, unamfikia mfungwa. Kisha anaomba achezewe ngoma ya gungu kabla ya kuuawa, na wakati ngoma na nyimbo zimepamba moto, yeye anakata minyororo, mlio wa tupa ukimezwa na kelele za furaha. Watunzi wetu walijua walichokuwa wakisema. Shairi la mtu aliyekata tamaa limebeba tupa tumboni. Huko ni mbali sana na ile picha ya mshairi wa majonzi anayejilaza akingoja kuhurumiwa.

Mtu aliyeielewa kazi hiyo ya ushairi kuliko wengi ni Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir wa Pate. Yeye anatajwa kuwa mtunzi wa takhmisi inayojengwa juu ya beti zinazonasibishwa na Liyongo: kila ubeti wa zamani wa mishororo miwili ukaongezewa mitatu mipya, mpaka sauti ya shujaa na sauti ya mshairi zikawa hazitenganishiki. Ni huyo huyo aliyetunga Al-Inkishafi mwanzoni mwa karne ya 19, Pate ilipokuwa imeporomoka. Katika utungo huo hasemi tu kwamba mji umekufa. Anaingia ndani ya majumba ya mabwana, anatazama vidaka vya ukutani vilivyokuwa vikipangwa sahani za thamani, na kuonyesha makinda ya ndege yamelala humo. Anauita moyo wake mwenyewe, anaukaripia, anauhoji. Kila mshororo ameupimia mizani kumi na kuufunga kwa kina chake. Anayehesabu silabi huku akilia hawezi kupayuka. Analazimika kuchagua ni neno gani litabaki na lipi litaondoka, na katika kuchagua huko anagundua ni kitu gani hasa kinachomliza. Ndiyo sababu sisomi vina na mizani kama pambo la juu. Ndizo zinazomlazimisha mwenye uchungu kusema kweli.

Lipo pingamizi zito zaidi, nalo hutolewa kwa jina la dini na malezi: kwamba tumeamrishwa subira, na kulea huzuni ni kumlalamikia Mungu. Lakini tungo hizi hazikutoka kwa watu walioipa dini kisogo. Sayyid Abdallah alikuwa katika ukoo wa masharifu, na Al-Inkishafi inafunguliwa kwa jina la Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume. Mwana Kupona binti Msham aliutunga utendi wake kwa binti yake mwaka 1858, akiwa mgonjwa, na unasomwa hadi leo kama mafunzo ya dini na maisha. Na Mtume mwenyewe alimlilia mwanawe Ibrahim, akaeleza kuwa jicho hutoka machozi na moyo huhuzunika, ila ulimi hausemi lisilomridhisha Mola. Subira katika mafundisho hayo haimaanishi jicho kavu. Anayewakataza vijana shairi la kilio kwa hoja ya dini anawanyima kitu ambacho wacha Mungu waliotangulia walijiruhusu.

Pingamizi la mwisho lina nguvu, na silikatai lote. Huzuni inaweza kugeuka tabia. Zipo nyimbo nyingi za siku hizi ambamo mtu hana analolitazama isipokuwa nafsi yake iliyoachwa, na kuzisikiliza usiku kucha hakumjengi mtu. Tofauti naiona kwa kipimo kimoja: je, utungo unamwona mtu mwingine? Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo kwa Kiswahili, hakuimba mapenzi yaliyomwumiza mwenye kuimba tu. Miongoni mwa nyimbo zake mashuhuri upo unaomlilia mwanamke aliyeuawa huku mwuaji akiponyoka, na majonzi hapo yamekuwa mashtaka. Katika taarabu hadi leo mtu huinuka na kwenda kumtunza mwimbaji pale linapoimbwa neno linalomgusa, na ukumbi mzima huelewa kuwa amesema jambo bila kufungua mdomo. Shaaban Robert naye alipofiwa na mkewe Amina alimwandikia shairi, na wageni wasiomjua Amina wamelibeba kwenye misiba yao wenyewe.

Kijumwa alikipita kipimo hicho. Angeweza kumaliza utendi pale kisimani, machozi yetu yote yakiwa upande wa Liyongo, na hakuna ambaye angemlaumu. Anaendelea. Anamfuata yule kijana aliyeshika sindano: ahadi za sultani hazitimizwi, anafukuzwa kwa fedheha, anakimbilia kwa jamaa za mamaye nao hawamtaki, mwisho anakufa. Alivyoonywa na babaye ndivyo ilivyokuwa. Msomaji aliyemlilia baba analazimika sasa kumtazama mtoto aliyenunuliwa kwa ahadi na waliomnunua, na kuamua mwenyewe hasira yake aielekeze kwa nani.