Koli ya mjomba yagoma usiku wa manane, kumbe mchawi mimi!

Wiki hii sina mapenzi wala mitindo. Nina jambo la aibu, na nalitoa hadharani ili lisimkute mwingine.

Mjomba wangu ni mlinzi. Analinda godauni moja huko Vingunguti, upande wa bondeni kuelekea Mto Msimbazi. Silaha zake ni rungu, tochi, filimbi na redio koli, ile ambayo wazee wanaiita simu ya upepo. Utasema, si ana simu ya mkononi? Anayo, lakini simu unampigia mtu mmoja, tena kama salio lipo. Koli ukibonyeza, kontroo wanasikia, doria wanasikia, na wa lindo la pili anasikia. Wote kwa mpigo mmoja!

Sasa koli yake ilikuwa na antena ndefu ya mpira, akikaa inamchoma mbavu. Agosti 2023 nikiwa Kariakoo nikaona viantena vifupi kama kidole, vimependeza ajabu. Bei shilingi 8,000. Nikasema hii ndiyo zawadi! Nikampelekea jioni kabla hajaenda lindoni. Tukaifunga, ikaingia kama imezaliwa nayo. Akajaribu kumwita mwenzake aliyekuwa kituo cha daladala hapo jirani, sauti ikaja kama jamaa yuko sebuleni. "Anko, umenitoa!" akaniambia. Nikavimba kichwa.

Usiku ule kila saa mjomba aliita kontroo kuripoti. Kimya. Akajua jamaa wamelala. Saa nane wezi watatu wakaruka ukuta. Mjomba akabonyeza koli, akaita, akaita tena. Kilichomjibu ni mkwaruzo tu, krrrr! Ikabidi akimbilie filimbi. Bahati majirani waliamka na wezi wakatoka mbio, lakini walikuwa wameshampiga nondo ya kichwa. Nyuzi sita.

Nilipokwenda kumwona hospitali nikamwamkia, "Shikamoo mjomba," akaitika, halafu akaanza kuwalaani watu wa kontroo. Mimi roho ikawa inanidunda. Nikachukua antena zote mbili, ya zamani na ya zawadi, nikampelekea fundi mmoja wa redio.

Fundi hata hakufungua bisibisi. Akageuza vitako vya antena akanionyesha namba ndogo ambazo mimi sikujisumbua kuzisoma. Ya zamani ilikuwa 136-174. Ya kwangu 400-470. "Dogo, koli ya mjomba wako ni ya VHF, wewe umemnunulia antena ya UHF. Umemvalisha mtu wa namba tisa kiatu cha namba tatu."

Akanipa hesabu yenyewe. Chukua 300, gawanya kwa megahezi za koli, unapata urefu wa wimbi kwa mita. Koli ya megahezi 150 wimbi lake ni mita 2. Antena ya mkononi inatakiwa iwe robo ya hapo, yaani sentimita 50. Koli ya megahezi 450, robo yake ni kama sentimita 17. Kwa kuwa hakuna anayetaka kutembea na fimbo ya nusu mita, watengenezaji wanausokota waya kama springi ndani ya mpira. Antena inakuwa fupi, ila nguvu fulani inapotea, na kadiri unavyofupisha ndivyo unavyozidi kupoteza. Ikiwa bendi siyo yake, ndiyo balaa: nguvu inarudi ndani badala ya kutoka, na koli yenyewe inaweza kuungua.

Mbona kituo cha daladala ilisikika? Fundi akacheka. Karibu hata antena mbovu inasikika!

Basi msomaji, kama wewe ni mlinzi, unaongoza watalii au unasimamia shughuli, shika haya:

Kwanza, soma namba za antena na za koli, zikubaliane. Kuingia kwenye skrubu siyo kukubaliana.

Pili, antena ya kidole waachie wanaoitana ukumbini kwenye harusi. Lindo la mbali linataka ndefu ya bendi hiyo hiyo.

Tatu, usiongee koli ikiwa kiunoni. Mwili wa binadamu unameza mawimbi. Inua hadi usawa wa mdomo, antena isimame wima, na usiishike antena yenyewe.

Nne, tafuta kimo. Kwenye tambarare, antena ikiwa mita moja na nusu kutoka chini, upeo wake ni kama kilometa 5. Wawili mkisimama hivyo mnaweza kufikia 10, kama hakuna majengo wala miti katikati. Panda ghorofani mita 30, upeo wako peke yako unafika kama kilometa 22. Kupandisha wati kutoka 5 hadi 10 hakukupi umbali mara mbili, lakini kutoka bondeni kunaweza kukuokoa.

Tano, ijaribu pale pale utakapoitumia, na mtu yule yule utakayemwita. Siyo dukani, siyo kibarazani!

Na kumbuka masafa yana wenyewe. Hapa kwetu leseni anatoa TCRA, kwa hiyo usinunue koli ukaanza kuropoka popote.

Mjomba nilimwambia ukweli siku ya kutolewa nyuzi. Alinyamaza mpaka nikatamani ardhi ipasuke. Halafu akasema, "Anko, kumbe kontroo walikuwa macho." Akaomba arudishiwe antena yake ndefu. Sasa koli anaivaa kifuani, na kila akifika lindoni anaita kwanza. Asipojibiwa, haketi, anahama mpaka ajibiwe.

Zawadi yangu ipo kwenye droo. Kila nikiiona nazikumbuka zile nyuzi sita.

Tukutane wiki ijayo panapo majaliwa.