Uchovu wa Mwalimu Usimwangukie Mtoto

Ualimu ni wito, lakini aliyeitwa naye huchoka. Tangu Januari 2016, elimumsingi ilipoanza kutolewa bila ada, madarasa ya shule nyingi za umma yalifurika. Mwalimu wa Kariakoo aishiye Mbagala au Gongo la Mboto huamka kabla ya alfajiri, husimama katika daladala, kisha hufundisha akishindana na honi na vipaza sauti vya wachuuzi.

Msongo usiotamkwa hutafuta pa kutokea: kejeli kwa mtoto aliye mzito kuelewa, ukimya ofisini, au fimbo ya hasira. Kanuni za mwaka 2002 humruhusu kuchapa mkuu wa shule tu, au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, na viboko visizidi vinne. Uchovu hueleza hasira, hauihalalishi.

Nabii Eliya alipokata tamaa jangwani, Mungu hakuanza kwa kumkemea. Alimpa usingizi, mkate na maji, kisha akamtuma tena (1 Fal 19). Nasi wazazi tufanye vivyo hivyo: tufike shuleni kabla ya kuitwa, tusikilize kabla ya kulaumu. Nanyi walimu, msibebe mzigo peke yenu; Jumuiya na kitubio ni vyenu pia.