Makofi ni Mshahara

Juma lililopita tulikwenda kutazama mchezo wa Kinjeketile, uliotungwa na Ndugu Ebrahim Hussein na kuchapishwa mwaka 1969. Usiku wa pili yake tulihudhuria taarabu. Twapenda kusema kweli juu ya yote tuliyoyaona.

Katika mchezo, baadhi ya wachezaji walisahau maneno yao, na taa zilizimika mara mbili. Hata hivyo Kinjeketile, akiwa kifungoni, alipokataa kuwaambia watu kwamba maji yale ni uongo, ukumbi mzima ulinyamaza kimya. Tulitoka tumeridhika.

Taarabu ilikuwa na mapambo mengi, lakini fidla, ganuni na udi hatukuviona. Muziki ulitoka mtamboni, na mwimbaji akafumbua kinywa tu. Tulilipa kiingilio kuwasikiliza watu, tukasikilizishwa mashine. Juu ya hayo, watu waliinuka kwenda kutunza!

Hatuichukii mitambo. Lakini Ikhwani Safaa, chama kilichoundwa Unguja mwaka 1905, kimejengwa na wapigaji waliojifunza kazi yao kwa miaka mingi. Mpiga fidla ni mfanyakazi kama alivyo seremala. Mtambo ukishika nafasi yake, yeye hupoteza riziki, na kijana wa kumrithi hatapatikana.

Lawama ni yetu pia, sisi watazamaji. Makofi ni mshahara, ndugu wananchi. Tumlipe aliyetoka jasho, hata kama amekosea. Asiyefanya kazi tusimlipe.