Namna ya Kusimulia Pambano la Mchezo wa Video kwa Kiswahili

Michezo ya video ina mabingwa wake, mashindano yake na watazamaji wake, na kwa hiyo haikosi kuwa na wasimulizi wake pia. Katika miji yetu ya Afrika Mashariki si ajabu kukuta kibanda ambamo vijana hulipa ada ndogo wapate kucheza gemu ya mpira mbele ya runinga, na mlangoni mwenzao mmoja akiwahadithia waliokosa nafasi jinsi bao lilivyoingia. Hadithi hiyo ya mdomo mara nyingi huwa tamu. Lakini ikitiwa katika maandishi hupooza: msomaji hupewa orodha ya mapigo na jina la mshindi, wala haelewi kwa nini watu walipiga kelele. Makala haya yanakusudia kueleza asili ya upoofu huo, na kuonyesha kwamba dawa yake kwa sehemu kubwa imo katika lugha yenyewe, yaani katika uchaguzi wa vitenzi, nafsi na nyakati.

Tuchukue pambano moja mashuhuri, tulitumie kama kipande cha nguo mbele ya fundi. Mwaka 2004, katika mashindano ya Evolution yaliyofanyika Pomona, California, nchini Marekani, Daigo Umehara wa Japani alikutana na Justin Wong wa New York katika mchezo uitwao Street Fighter III: 3rd Strike, uliotolewa na kampuni ya Capcom mwaka 1999. Ni mchezo wa kupigana, mtu kwa mtu. Umehara alimwendesha mpiganaji wa kiume aitwaye Ken. Wong alimwendesha mpiganaji wa kike aitwaye Chun-Li. Uhai wa Ken ulikuwa karibu kwisha. Wong akaachilia pigo kuu la Chun-Li, ambalo ni mateke 15 mfululizo. Umehara akayazuia yote, akajibu, akashinda. Picha za tukio hilo zikaenea katika intaneti kwa jina la Evo Moment 37, na hata leo hutajwa miongoni mwa matukio makubwa kabisa ya michezo hii.

Aya iliyotangulia ni kweli tupu, na haina ladha. Msomaji asiyeujua mchezo atauliza swali moja la haki: mtu akipigwa mateke, si azuie tu? Maadamu swali hilo halijajibiwa, hata mwandishi akipamba vipi, akaongeza ngurumo na majasho, kazi yake ni bure. Msisimko wa pambano lolote umefungwa katika kanuni chache za mchezo, na mara nyingi katika kanuni moja tu. Kazi ya kwanza ya msimulizi ni kuitafuta kanuni hiyo, na kumpa msomaji kabla ya tukio, asimkatize katikati yake. Kanuni ikiletwa baada ya tukio hugeuka kuwa udhuru.

Katika pambano letu kanuni yenyewe ni hii. Mchezaji ana njia mbili za kuzuia pigo akiwa amesimama. Ya kwanza ni kuvuta kijiti cha kuendeshea nyuma, na mpiganaji wake hujikinga. Njia hii ni rahisi, lakini si salama kabisa, kwani mapigo yenye nguvu maalumu, hata yakikingwa, hukwangua uhai kidogo kidogo. Mwenye uhai mwingi hajali kukwanguliwa. Aliyebakiwa na chembe hufa. Njia ya pili ni kusukuma kijiti mbele, kumwelekea adui, sawasawa na wakati pigo linapotua. Akifanya hivyo hapotezi uhai hata chembe. Lakini nafasi ya kufanya hivyo ni chini ya sehemu moja ya tano ya sekunde, na kila teke hudai msukumo wake wenyewe. Anayesukuma mapema au akachelewa hupigwa pigo zima, maana aliyesukuma mbele ameacha kujikinga. Zaidi ya hayo, teke la kwanza la Chun-Li huja karibu sana na kuanza kwa pigo lenyewe, kiasi kwamba anayengoja kuliona kwanza huwa amekwisha chelewa. Ilimpasa Umehara abashiri.

Hapa ndipo penye utajiri wa lugha, na hapa nataka kukaa kidogo. Waandishi wengi wakifika mahali hapa hukimbilia neno la kigeni, wakidhani Kiswahili hakiwezi kutofautisha njia hizo mbili. Kinaweza, tena kwa uzuri. Kukinga ni kuweka kitu kati yako na pigo, nalo pigo likatua juu ya kile ulichokiweka. Anayekinga mvua kwa mwavuli hakatai kwamba mwavuli utalowa. Kupangua ni jambo jingine. Ni kitenzi cha kutendua, kinyume cha kupanga: kilichopangwa na adui hufumuliwa njiani. Watangazaji wa mpira wanalitumia neno hili kila siku kwa golikipa anayeuondoa mpira kwa ngumi au kwa kiganja, na katika ndondi ngumi hupanguliwa. Kuna na kukwepa, ambako ni kuliacha pigo lipite. Basi tuna kinga, pangua na kwepa, vitenzi vitatu vya kawaida vyenye maana tatu zisizogongana, na msimulizi anayevitumia bila kuvichanganya amekwisha mweleza msomaji nusu ya mchezo. Kukwangua nako, kwa uhai unaopungua kwa kingo zake, ni neno la jikoni linalofanya kazi hapa kuliko istilahi yoyote ya kubuni. Sisemi kwamba maneno ya vijana yatupwe. Gemu ni neno lililokwisha kuingia, na atakayeandika kila mara mchezo wa elektroniki wa video atachosha kabla hajafika raundi ya pili.

Jambo la pili ni nafsi. Lugha zinazotenga wa kiume na wa kike katika viwakilishi zinaweza kumbagua Wong na Chun-Li kwa silabi moja. Kiswahili hakina njia hiyo. Tukiandika akapiga teke, kiambishi a- kinaweza kuwachukua watu wanne: Wong, Chun-Li, Umehara na Ken. Katika simulizi la mdomo kidole na macho huondoa utata. Katika maandishi utata hubaki, na msomaji hupotea palepale anapotakiwa kushika pumzi. Ni kweli kwamba wachezaji wenyewe hawabagui. Mcheza bao ambaye kete zake zimechukuliwa husema nimeliwa, na kijana wa gemu husema nimekufa hali amekaa kitini mzima. Kuungana huko kwa mtu na kete zake ni kwa kweli, wala si vema kukufuta. Hata hivyo mwandishi ahitaji utaratibu. Ninaoupendelea ni huu: vitenzi vya mkono na vya shauri, kama kungoja, kubashiri, kusukuma, kuachilia, wapewe wachezaji, vitenzi vya mwili, kama kupiga teke, kushuka, kuanguka, wapewe wapiganaji. Kisha, mara moja tu, mahali palipo juu kabisa pa pambano, mpaka huo uvunjwe, na mchezaji apewe kitenzi cha mwili. Ukivunjwa mara kumi hautasikika.

Tuje kwenye nyakati. Mtangazaji wa redio hutumia -na-: anachukua, anageuka, anapiga. Hana budi, kwa sababu hajui kitakachofuata. Mwandishi anajua, na akijifanya hajui kutoka mwanzo hadi mwisho msomaji humshtukia. Wakati wake ni -li- ya kufungulia, kisha -ka- ya kufululiza, kama ilivyo katika ngano zetu na katika tenzi za vita tangu zamani. Na hu- aiweke akiba kwa kanuni za mchezo, ili msomaji atambue kwa kiambishi kitupu lini anafundishwa na lini anahadithiwa. Lakini -ka- ina hatari yake. Huenda mbele bila kupumzika, kila kitendo kwa uzito mmoja, na mateke 15 kwa -ka- 15 ni kinu na mchi. Pambano hili hasa halivumilii jambo hilo, kwani mateke yenyewe hayafuatani kwa mwendo mmoja. Yana vituo ndani yake, na aliyeshika mwendo wa kwanza akauendeleza bila kufikiri angepigwa. Mnyororo wa -ka- ukatwe basi mahali hapo, -na- ya mtangazaji ikaribishwe kwa sentensi moja au mbili, kisha -ka- irudi.

Na idadi? Wako wasemao idadi ya mateke ifichwe mpaka mwisho ili imshangaze msomaji. Naona ni kinyume. Waliokuwa ukumbini na kuujua mchezo walijua mateke ni mangapi, na kelele zao zinasikika katika kanda zikipanda kabla ya mwisho, si baada yake. Walikuwa wakijua kinachosalia. Msomaji naye apewe hesabu mapema, ahesabu pamoja nao.

Kwa kufuata hayo yote, kipande kile chaweza kuandikwa hivi:

Mstari wa uhai wa Ken ulikuwa umebaki uzi. Mbele yake alikuwapo Chun-Li, akiba yake ya nguvu tayari, na kila aliyeujua mchezo alijua kwamba Wong akiiachilia yatakuja mateke 15, na kukinga hakutafaa kitu. Wong akaiachilia. Umehara alikuwa amekwisha sukuma kijiti mbele. Teke la kwanza likapanguliwa. La pili likapanguliwa, na la tatu, na sauti za watu zikaanza kupanda. Mateke yanakuja, mkono unasukuma, yanatulia, mkono unatulia, yanakuja tena. Uzi haukukatika. Lilipobaki teke moja Umehara hakulingoja chini. Akaruka, akalipangua hewani, na Ken akashuka na teke lake mwenyewe. Kabla Chun-Li hajapata kujikinga, akafunguliwa pigo kuu la Ken, akaanguka.

Msomaji atatambua kwamba teke limefanywa kiima katika likapanguliwa, kwani kitenzi ni cha kutendwa. Kwa njia hiyo jicho linabaki juu ya mateke yanayohesabiwa, wala halirudi kila mara kwa Umehara. Aliyeruka ni Umehara, na hapo ndipo mpaka wa nafsi ulipovunjwa. Tanakali hakuna hata moja. Si kwamba nazichukia. Akaanguka pu ingefaa sana mwishoni, na msimulizi wa mdomo asingeiacha. Lakini tanakali katika maandishi ni kama pilipili manga, na mwandishi mwenye pa, pu, chwi na tii katika aya moja ameungama kwamba vitenzi vyake ni dhaifu. Vilevile sikusema moyo wa Umehara ulidunda, wala kwamba alikumbuka kitu fulani. Yaliyo katika kanda ni kelele na kioo. Yaliyo katika moyo wa mtu hayakupigwa picha.

Neno hilo linatuleta kwenye jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo zito kuliko yote. Simulizi la pambano ni habari ya kweli, na utamu hauliondoi katika wajibu huo. Tukio hili limesimuliwa mara nyingi kana kwamba ndilo lililompa Umehara ubingwa. Sivyo. Mashindano yale yalikuwa na njia mbili: aliyeshindwa mara moja aliteremshwa katika njia ya pili, na aliyeshindwa mara mbili aliondoka. Pambano la Umehara na Wong lilikuwa la mwisho katika njia hiyo ya pili, si fainali yenyewe. Walioligeuza kuwa fainali hawakukusudia uongo, nadhani. Walivutwa na umbo la hadithi, ambayo hupenda kitendo kikubwa kilipwe tuzo kubwa. Mwandishi akubali kuvutwa na nini, hilo ni lake. Lakini akiandika akatwaa ubingwa, amempa Umehara kikombe ambacho mtu mwingine alikichukua kwa mikono yake, tena siku hiyohiyo.

Wengine hujitoa katika shida hii kwa kunyamaza: humalizia Chun-Li alipoanguka na kumwacha msomaji adhani atakavyo. Siwakubalii, kwani msomaji wa simulizi huuliza kisha ikawaje, na asiyejibiwa hujijibia. Afadhali sentensi iliyosalia iandikwe, fupi, bila ya lakini na bila ya kwa bahati mbaya, kwa -ka- ileile iliyotuleta hapo: Umehara akaingia fainali, akashindwa na Mjapani mwenzake, Kenji Obata.