Udi, Kinanda cha Umeme na Lafudhi ya Kiamu

Mnamo mwaka 1990 kampuni ya GlobeStyle ya Uingereza ilitoa santuri mbili za taarabu ya Mombasa: Mombasa Wedding Special ya Maulidi Juma na kundi lake, na Mtindo wa Mombasa ya Zein l'Abdin. Katika ile ya kwanza husikika kinanda cha umeme na lahani zenye asili ya Kihindi. Katika ile ya pili udi ndio unaotawala. Tofauti hiyo huchukuliwa kuwa ni jambo la muziki tu, ilhali inaihusu lugha pia.

Zein alizaliwa Lamu mwaka 1939, akahamia Mombasa, na kufariki mwaka 2016. Tangu filamu za Kihindi zilipoenea Mwambao, waimbaji kadhaa, Juma Bhalo akiwa mashuhuri miongoni mwao, walizitwaa lahani zake na kuzivika maneno ya Kiswahili. Zein alielekea upande mwingine: udi, lahani za Kiarabu, na tungo za washairi wa kwao, hasa Ahmed Sheikh Nabhany (1927–2017), mzaliwa wa Matondoni.

Lahani inapotangulia maneno, mtunzi hulazimika kuyapima maneno yake kwa kipimo cha lugha nyingine. Mkazo wa Kiswahili kwa kawaida huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na mara nyingine ndio unaoamua maana: barabara yenye mkazo kwenye silabi ya tatu ni njia kuu, lakini ukipanda hadi ya pili maana yake ni sawasawa. Sauti ndefu ya lahani ngeni ikiangukia silabi isiyostahili, neno huharibika. Maneno yanapotangulia, udi huyafuata. Tena udi hauna vituo shingoni, hivyo mpigaji huweza kuipata hata robo ya sauti, ambayo kinanda cha umeme cha kawaida, chenye sauti 12 zilizopangwa tangu kiwandani, hakiwezi kuitoa.

Faida ya pili ni ya lahaja. Wimbo wa kimapokeo una mishororo mitatu kila ubeti, na kila mshororo kwa kawaida huwa na mizani 16 iliyogawanyika vipande viwili. Kina cha Kiswahili ni silabi nzima. Mshairi wa Lamu asemaye mato huweza kulifungamanisha neno hilo na moto au kitoto. Mwimbaji akilisanifisha kuwa macho, mizani hubaki lakini kina huvunjika. Kwa hiyo kina ni mlinzi wa Kiamu, almuradi mwimbaji ayatamke maneno kama yalivyotungwa na ala zisiyafunike.

Isidhaniwe kwamba watu hawa waliuogopa usasa. Nabhany huyohuyo ndiye aliyebuni istilahi za runinga na ngamizi. Alikuwa tayari kuvipokea vyombo vipya, mradi lugha ipate kuvitaja kwa maneno yake yenyewe.

Tangu miaka ya 1990 taarabu ya kisasa yenye kinanda cha umeme imeshika nafasi kubwa pande zote za Mwambao, nao mshairi na mwimbaji hawa wawili wa Lamu wametangulia mbele ya haki. Hivyo mtafiti anayekusanya nyimbo zao hana budi kuihifadhi sauti pamoja na andiko. Karatasi huweza kuhifadhi mizani na vina. Mkazo na lafudhi ya Kiamu vimo katika kanda.