Mfiwa na Msemaji: Lugha ya Maamuzi ya Msiba Mkoani Mara

Kutokana na kitenzi kufa hupatikana kufia, na kutokana na kufia hupatikana kufiwa, yaani kupatwa na kifo cha mtu mwingine. Mfiwa, basi, kwa umbo la neno lenyewe, ni mtendwa. Hata hivyo, kifo hudai watendaji mara moja: marehemu azikwe wapi na lini, kwa ibada gani, kwa gharama ya nani? Msamiati wa msiba unaonyesha jinsi jamii inavyotenganisha uchungu na uamuzi.

Mfano mashuhuri ni wa mwaka 1999. Mwalimu Julius Nyerere alifariki London tarehe 14 Oktoba, na tanzia ikatangazwa na Rais Benjamin Mkapa. Mwili uliwasili Dar es Salaam tarehe 18, ukaagwa katika Uwanja wa Taifa, na tarehe 23 ukazikwa Mwitongo, Butiama, kijijini alikozaliwa mwaka 1922. Lugha ya siku zile ilikuwa na tabaka mbili. Serikali ilikuwa na mazishi ya kitaifa, gwaride na heshima za mwisho. Butiama ilikuwa na nyumbani, neno ambalo katika msiba halimaanishi mahali mtu alipoishi, bali penye makaburi ya wazazi wake.

Familia zisizo na jina kubwa hukabiliwa na swali hilohilo. Mwenyeji wa Bunda anapofia Mwanza au Dar es Salaam, kikao cha kwanza hujadili kusafirisha mwili. Huundwa kamati ya mazishi yenye mwenyekiti na mweka hazina, na huteuliwa msemaji wa familia. Rambirambi, ambayo asili yake ni maneno ya kufariji, sasa ni pia fedha inayoandikwa daftarini. Kwa Waislamu wa mjini Musoma, sharti la kuharakisha maziko hufupisha mjadala huo, kwani safari ndefu huchelewesha maiti.

Katika mpangilio huu, mjane huitwa mfiwa mkuu, huketishwa ndani na kufarijiwa. Nje, chini ya turubai, wazee wa ukoo huamua. Adabu hiyo ina huruma ndani yake, kwa kuwa humwondolea mzigo mtu aliyeelemewa. Lakini anayeamua kaburi mara nyingi ndiye pia anayeongoza kikao kinachompendekeza msimamizi wa mirathi. Tangazo la Serikali Na. 436 la mwaka 1963, lililoweka sheria za mila katika maandishi, lilisema kwamba mjane hana fungu katika urithi iwapo marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Hivyo ukimya wa siku tatu za matanga waweza kuwa ukimya kuhusu nyumba na shamba.

Kiswahili chenyewe kina njia mbili za kupunguza hatari hiyo. Ya kwanza ni wosia, unaompa marehemu sauti kabla kikao hakijaanza. Ya pili ni jina lingine la mfiwa: mwenye msiba. Mwenye nyumba huulizwa kabla ya wageni kuhamisha viti. Kadhalika mwenye msiba hana budi kuulizwa kabla msemaji hajasimama.