Kamba wa Vilindini Aliyerudishiwa Jina la Utotoni

Mwaka 1828 mtaalamu wa wanyama kutoka Uingereza, John Edward Gray, alieleza mnyama mdogo aliyetolewa tumboni mwa mnyama mwingine: gamba nene lililovimba, pembe mgongoni. Akamwita Cerataspis monstrosa. Kwa zaidi ya miaka 180 hakuna aliyeweza kuonyesha huyu akikua anakuwa nani. Wengi waliopatikana walitoka matumboni mwa jodari na fulusi.

Kwamba ni mtoto wa kamba, na pengine wa familia ya Aristeidae, lilishasemwa tangu karne ya 19. Kuthibitisha ndiko kulikoshinda. Uainishaji wa zamani ulitegemea umbo: miguu, gamba, miiba. Kamba naye hubadilika umbo kila anapojivua gamba, hata mtoto asifanane na mzazi kwa lolote. Tena hawaishi pamoja. Mtoto huelea juu majini, mkubwa yuko chini kabisa sakafuni, na wavu unaomnasa mmoja haumfikii mwingine.

Mwaka 2009 Cerataspis mmoja alinaswa katika Ghuba ya Mexico. Mtafiti Heather Bracken-Grissom na wenzake walisoma jeni zake tano, wakazilinganisha na za kamba wakubwa, na mwaka 2012 wakatoa jibu: ni mtoto wa Plesiopenaeus armatus, kamba mwekundu anayefika karibu mita 5,000 chini ya bahari.

Hapo likaja suala la jina. Plesiopenaeus ni jina la mwaka 1881, na kwa kanuni za majina ya wanyama jina lililochapishwa kwanza ndilo lenye haki, hata kama aliyepewa ni mtoto. Kwa hiyo mkubwa naye sasa anaitwa Cerataspis. Kubadilisha vitabu na lebo za makumbusho ni kazi ya kuchosha, lakini naiona kanuni hii kuwa ya haki: Gray alieleza kwa uaminifu kile alichokiona.

Yaliyompata mnyama mwingine wa baharini, Amphionides, ni makubwa zaidi. Alikuwa amepewa oda nzima (kundi lililo juu ya familia), yeye peke yake. Mwaka 2015 mtafiti Sammy De Grave na wenzake walionyesha kwa jeni kuwa ni mtoto wa kamba wa familia ya Pandalidae, na oda ile ikafutwa.

Viluwiluwi vingi vya namna hii vimo makumbushoni, vimehifadhiwa kwa formalini, dawa inayoharibu DNA. Ndiyo maana mmoja tu aliyenaswa leo na kutiwa kwenye alkoholi anaweza kujibu swali ambalo chupa za karne mbili hazikulijibu.